Nilimtupia rafiki yangu jina kati ya nyimbo, na sasa ndoa yake inavunjika

Admin, nifiche. Majina ya humu nimebadilisha yote, lakini watu wa mji wetu wa Kasongo wakisoma watanijua tu, maana sauti yangu wanaisikia kila siku barabarani. Nina miaka ishirini na nane, ni fundi wa cherehani, sijaolewa, na nina mdomo. Hilo la mdomo mama yangu alilisema tangu nikiwa mdogo, nikawa nacheka.

Tuko marafiki wanne tangu shule ya msingi. Mmoja wetu, Aziza, alipata mimba akiwa na miaka kumi na sita, na aliyempa akamkana. Mama yake anaogopa sana maneno ya watu. Alikwenda naye Nyangwe kwa ndugu zao mpaka akajifungua, halafu mama akarudi na mtoto mikononi akisema ni wake, amemzaa uzeeni. Mtoto huyo ni Riziki. Amekua akimwita Aziza "yaya", yaani dada mkubwa. Hapa mjini siri tuliijua sisi wanne na yule mama, basi.

Miaka miwili iliyopita Aziza aliolewa Kabambare na mwenye duka. Ni mtu mpole, sina baya la kumsema. Ila mtoto hawajapata. Na kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la zamani linalala, anaitwa mama wa fulani. Aziza alipokuja kutusalimu siku za Idi, alikaa kwenye benchi langu la kushonea akaniambia: "Kule wananiita Aziza tu, sawa na mutoto. Mama mukwe anasema, weye bado haujapata jina. Na mimi jina niko nalo! Niko nalo, ila siwezi kulisema." Akalia mpaka akalowesha kitambaa cha mteja.

Basi nikamtengenezea zawadi. Nilichagua nyimbo kumi na nne, zile tulizocheza shuleni na zile za harusi yake, nikaziunganisha kwenye simu. Kati ya wimbo na wimbo nikaweka sauti yangu nikitupa majina, yaani nikiwataja watu kwa sifa, kama wanamuziki wetu wanavyowatupia majina wakubwa. Kila rafiki alipata wimbo wake na maneno yake. Wa Aziza niliuweka mwisho. Nilisema hivi, nikicheka: "Na hii inaenda kwa Aziza wa Kabambare, mama Riziki wetu. Jina uko nalo, mama!"

Alipousikia, kabla hajarudi Kabambare, alinishika mkono. "Rudia, nisikie tena." Nikarudia, akataka tena, nikarudia. Tangu aolewe sijamwona na furaha ile. Nikawatumia wote watatu, simu kwa simu, nikawaambia iwe yetu tu.

Iwe yetu tu! Muziki mtamu nani amewahi kuufungia sandukuni? Mmoja wetu alimpa kaka yake, ambaye ni motari, anabeba watu kwa pikipiki, na amefunga bafle, spika kubwa, nyuma ya kiti. Yule kaka hakujua siri yoyote, alipenda nyimbo tu. Akawapa motari wenzake. Sasa sikilizeni kosa langu lenyewe. Nikipita sokoni nilisikia kicheko changu kikitoka kwenye pikipiki, watu wakiuliza huyu dada ni nani, na mimi nikajiona nyota. Ningeweza kumfuata yule kaka siku ya kwanza nikamwomba aukate ule wimbo wa mwisho. Sikumfuata, kwa sababu nilipenda kusikika.

Motari mmoja akaenda Kabambare na mzigo wa sabuni, akasimama mbele ya duka la mume wa Aziza, muziki ukiendelea. Mume alisikia jina la mke wake, akatabasamu, halafu akasikia lililofuata. Aziza alikuwa pale pale akipima chumvi.

"Aziza, ule mutu anasema uko mama Riziki. Riziki haiko mudogo wako?"

Angecheka tu, yangeisha. Angesema ni utani wa rafiki yangu yule mwenye mdomo. Aziza alinyamaza. Mume hakumpiga wala hakupaza sauti. Alisema tu, "Rudia kwenu. Ijumaa nitakuja na baba mudogo, tuulize." Na motari aliyemleta Aziza nyumbani, njia yote ile mbaya, alikuwa anazipiga nyimbo zangu.

Nimezifuta kwenye simu yangu. Inasaidia nini? Maji yakimwagika hayazoleki. Aziza amekaa chumbani kwa mama yake, amegeukia ukuta, mimi nikiingia hanijibu hata salamu. Mama yake ndiye anayeongea. "Weye ndo uliharibu, weye ndo utatengeneza. Ijumaa utasema mbele yao ilikuwa muchezo, Riziki iko mutoto wangu mimi." Nilikubali. Naapa nilikubali, kwa sababu nataka Aziza arudi kwake.

Lakini jana Riziki alikuja kwenye cherehani yangu. Ana miaka kumi na miwili, ana macho yale yale ya Aziza. Alisimama akishika uzi wangu, akauliza, "Yaya, ile sauti ya mu pikipiki iko yako?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Yaya Aziza ninamuuliza, analia tu. Mama anasema ninyamaze. Ile neno yangu ulisema, rudia, nisikie tena."

Maneno yale yale ya Aziza, mama yake. Mimi mwenye mdomo nikainamia cherehani, nikaendelea kushona. Akaweka uzi mezani. "Basi Ijumaa nitakaa pale pale, nitakusikia."

Leo ni Jumatano. Nikisema kweli, Aziza hana ndoa. Nikisema uongo, mtoto huyu ananisikia nikimnyang'anya mama yake, na mama yake amekaa hapo hapo amenyamaza. Ninyi mnaonisoma, Ijumaa wakinigeukia wote, nifungue mdomo huu niseme nini?