Nilipeleka posa ya mbu wa maabara nyumbani kwa mkwe, yangu ikiwa bado haijajibiwa

Wakuu, natumai mko salama humu ndani.

Naona kila wiki mnagombana kuhusu mbegu za maabara na viumbe vya kutengenezwa, wengine mpaka mnatukanana. Acheni niwape langu. Ni la kweli. Ningekuwa natunga, ningejipangia mwisho mzuri zaidi.

Miaka ya tisini, katikati hivi. Nimemaliza form six, niko Ifakara, sina kazi, nashinda kijiweni nachambua maisha ya watu. Ukaja mradi wa utafiti unatafuta vijana wa kuhoji wananchi vijijini. Jina la mradi msiniulize.

Bosi alikuwa mama mmoja wa Kizungu, mpole, anakunywa chai bila sukari. Dereva wetu hakuwahi kumsamehe kwa hilo.

Kazi yenyewe sasa.

Huko kwao kuna wataalamu walikuwa wameanza kuota mbu wa kutengeneza. Wanaingia kwenye chembe za urithi za mbu, wanabadilisha kitu, mbu anakuwa hawezi kubeba malaria. Halafu madume yake yanaachiwa bondeni, yanazaana na majike yetu, na vizazi vinavyofuata vinakuwa havina ugonjwa.

Huyo mbu alikuwa hajapatikana. Yalikuwa maneno tu. Ila mama alitaka kujua mapema wananchi wangesemaje, na hapo nampa heshima yake. Wengi huja kutuuliza wakiwa wameshapaua.

Tulianza na Ifakara mjini. Mzee mmoja mwenye duka, mtu wa pwani, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza vyandarua alivyojaza stoo atamuuzia nani.

Kijijini Kiberege nikampata Msukuma mwenye ng'ombe. Akasema yeye dume la mbegu haliingizi zizini kwake mpaka amwone mama yake. "Wewe wa kwako, mama yake umemwona?"

Sikuwa nimemwona, wakuu. Hata picha.

Lakini wengi walijibu "ni vizuri". Mnatujua tulivyo. Mgeni kaja na gari, umempa kiti chako, anakuuliza kama mpango wake ni mzuri. Utamwambia mbaya? Bosi anasikiliza kaseti za mahojiano anaandika, mimi najua kabisa watu walikuwa wananisindikiza tu.

Sasa tukafika Idete.

Idete kulikuwa na binti, tumwite Teresia. Nilimpenda vibaya sana. Mjomba wangu alikuwa mshenga, ameshapeleka barua ya posa kwa baba yake, mkulima wa mpunga, tumwite mzee Kasiani. Mzee akajibu, "Tumesikia, tutawaita." Tukawa tunasubiri.

Kwa vijana wa siku hizi: enzi hizo, posa ikiwa bado haijajibiwa, hukanyagi pale nyumbani. Hata ukiwa na safari ya kweli unazunguka njia ya nyuma.

Nyumba za kuhoji zilichaguliwa kwa bahati nasibu. Ikatoka ya mzee Kasiani.

Nikamwambia bosi huyu ni mkwe. Akauliza mkwe ni nini. Nikamweleza kwa kirefu, posa, mshenga, aibu, kila kitu. Akanipa hongera, akasema nyumba ikichaguliwa hairukwi, tukianza kuruka utafiti wote unaharibika.

Nikaenda.

Mzee alikuwa uani anakunywa chai, mkewe anapepeta mchele, Teresia yuko mlangoni pa jiko. Nikainama, nikatoa shikamoo. Mzee akaitikia.

"Marahaba. Umefuata jibu?"

"Hapana, mzee. Nimekuja kwa ajili ya mbu."

Mama Teresia akainamia ungo wake, mabega yanatikisika.

Nikaomba ruhusa ya kuwasha redio ya kurekodi, mzee akakubali. Nikaanza kueleza, nikafika pale pa madume na majike. Kwenye nyumba nyingine nilikuwa nasema "yanapandana", biashara imeisha.

Sasa wakuu, baba mkwe huyu hapa, mama mkwe yule pale, binti mwenyewe anasikia. Ulimi ukagoma. Nikatafuta neno la adabu.

"Mbu dume wa kule, mzee, anakuja... anakuja kuoa huku kwetu."

Mzee akaweka kikombe chini.

"Kuoa. Mshenga wake nani?"

"Kwa sasa ni mimi, mzee."

"Wewe ambaye ya kwako mwenyewe haijajibiwa."

"Ndiyo, mzee."

"Ukoo wake?"

"Anatoka maabara."

"Huo si ukoo. Akioa hapa, watoto wakatoka na kasoro tusiyoijua, anarudishwa kwao?"

Maelezo ya bosi yalitaka niseme wataalamu watafuatilia kwa karibu. Nikamtazama yule mzee, nikashindwa.

"Harudishwi, mzee. Akishaachiwa, ameachiwa."

"Na mbu hajui mpaka. Akivuka akafika Uchindile, wa huko mmewauliza?"

"Bado."

"Mimi nikikataa na jirani yangu akakubali, inakuwaje?"

"Sijui, mzee."

"Aliyekutuma anajua?"

"Sidhani."

Akaongea taratibu.

"Mwanangu, homa hiyo imenizikisha watoto. Makaburi yao yako nyuma ya nyumba hii. Usije ukasema mzee Kasiani anapenda malaria. Sema anayekuja kuoa hana kwao, harudishiki, na aliyemleta hajui lolote. Kwa hiyo bado sijakubali."

Nikaona leo ndipo nimefanya kazi. Nikajiandaa kuaga.

Teresia akasema kutoka jikoni, "Na jike?"

"Jike gani?" baba yake akauliza.

"Mbu jike wa hapa. Mmemaliza posa nzima, yeye ameulizwa?"

Mzee akacheka, mama akacheka, na mimi nikacheka ili niwe upande wa wakwe. Teresia hakucheka.

"Na mimi je, baba? Barua imekuja, wajomba wamekaa, wamekula kuku. Mimi nimeulizwa lini?"

Mzee akajikuna kidevu, naona neno limemwingia.

"Haya, mama. Nakuuliza. Kijana huyu unamtaka?"

"Mbele yake, mbele yenu, na redio yake inazunguka? Hapo sijaulizwa, nimebanwa."

Nikaizima bila kuambiwa.

Mzee akafikiri, kisha akasema Teresia anisindikize mpaka barabarani. Mambo hayo hayakuwa ya kawaida kwake, na namheshimu mpaka kesho.

Tukatembea pembeni ya majaruba ya mpunga. Tulipofika mbali na masikio ya watu nikasimama. Nikamuuliza kama anataka kuolewa na mimi.

Wakuu, nilikuwa na uhakika. Nilijua shida ilikuwa kuulizwa tu.

Akasema, "Hapana."

Nikasubiri aendelee, maana hapana zetu nyingi zina mkia. Hii haikuwa na mkia. Akasema mimi ni mtu mzuri, ila tangu barua ifike alikuwa anaogopa, kwa sababu kila mtu alishaitikia ndiyo kwa niaba yake, na hakujua hapana angempa nani.

Niliumia. Sitajifanya mwanaume wa chuma humu, nililia kwenye gari, dereva akajifanya anakagua tairi.

Jioni bosi akauliza nyumba ile imekwendaje.

"Wamekataa."

"Wamekataa mbu?"

"Wamekataa kila kitu."

Yule mama akafurahi, nikatamani kuacha kazi palepale. Akasema tangu aanze utafiti hakuwa amepata mtu wa kukataa, na alikuwa ameanza kuziogopa zile ndiyo zote.

Nilichojifunza ni hiki. Nilizunguka bonde lile nikiuliza watu, na niliyemtaka kuliko wote sikumuuliza. Na siku nilipomuuliza nilikuwa nimebeba jibu langu mfukoni. Anayeuliza hivyo anatoa taarifa tu, iwe ni kwa mbu, kwa mbegu, au kwa mtoto wa watu.

Haya, wakuu, uwanja wenu. Wewe ungemjibu nini mzee Kasiani? Na mliooa, mke wako ulimuuliza, au uliwauliza wajomba zake?

Mnaotaka kuja inbox kuulizia Teresia yuko wapi: aliolewa Mlimba, na aliyemwoa alimuuliza yeye kwanza.