Ufito wa Fundi wa Handeni

Siku ya kwanza kazini sikushika randa wala msumeno. Fundi Mkuu, mwenye karakana ya useremala pale Masuguru, Korogwe, alinikalisha juu ya gogo la mvule akanisomea sheria zake kana kwamba nimekuja kubatizwa. Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nilikuwa mwanamume mwenye mke. Nilinuna.

"Jumapili hatufungui," alisema. "Mbao yenye ufa tunamwonyesha mteja huo ufa kabla hajauliza. Na jeneza halitengenezwi hapa mpaka mtu awe amekufa. Ukiwa nalo tayari dukani, asubuhi utaamka unaomba nini? Utaomba jirani afe. Hiyo si biashara ya Mkristo."

Ninyi vijana wa mashine hamjui ufito. Msiba ukitokea, wafiwa walitafuta kijiti chembamba kilichonyooka, wakakilaza kando ya marehemu na kukikata sawa na urefu wake, wakatuletea. Tulipima mbao kwa ufito huo, na mazishi yakiisha Fundi Mkuu aliuchoma kwa mkono wake. Nilimuuliza kwa nini hatumii futi kama mafundi wengine. Akanicheka.

"Futi inahitaji msomaji, na msomaji hukosea. Mti ukikauka hupungua unene, urefu haupungui. Ufito hausemi uongo."

Miaka ikapita, akanipeleka Handeni kusimamia karakana yetu ya pili. Waislamu wa huko walituamini kwa milango na vitanda, kwa sababu ya ile habari ya kuonyesha nyufa. Nikavimba kichwa. Mkuu yuko mbali, nikajiona ndiye mkuu.

Ndipo akaja Bwana Meneja wa shamba moja la mkonge. Alisimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Fundi, mtu akifa kambini, watu wangu wanangoja jeneza siku nzima, na mkonge unawangoja wao. Nataka ya akiba. Tengeneza moja nilione. Nikiridhika, milango yote ya kambi mpya ni yako."

Milango ya kambi nzima! Nilijua Fundi Mkuu angekataa, kwa hiyo sikumuuliza. Ijumaa niliwapa wenzangu ruhusa, nikafunga mlango kwa komeo, nikaanza. Lakini jeneza lisilo na maiti utalipima kwa nini? Nikachukua ufito wa mkole, nikauegemeza ukutani, nikasimama nao na kuukata sawa na utosi wangu. Adhuhuri kazi ikaisha. Nikalala ndani kujaribu upana wa mabega.

Jua lilikuwa linachoma bati, lakini mle ndani kulikuwa na baridi ya kisimani. Kisha ubao ulio karibu na sikio langu ukagongwa mara tatu, taratibu, kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi. Niliruka nje, nikakimbilia mlangoni. Komeo lilikuwa mahali pake. Nikautafuta ule ufito kila pembe ya karakana, nisiuone.

Kesho yake lori kutoka Korogwe likasimama nje. Fundi Mkuu akashuka, macho mekundu, na nyuma ya lori zimelala mbao zilizokwisha kupigwa randa. Aliponiona alinipapasa bega kama anayekagua ubao.

"Shikamoo, Fundi," nikasema.

Hakuitikia. "Uko hai?"

"Niko hai, mzee."

"Jana adhuhuri mtu mzima mmoja alibisha hodi pale Masuguru, mara tatu. Alikuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Akanipa huu, akasema ni wa fundi wangu wa Handeni. Nilipogeuka kumvutia kiti, hayupo."

Akaninyooshea mkono. Ulikuwa ufito wangu, na alama ya kisu changu iko nchani.

Nililia. Nikamwonyesha jeneza, nikamweleza yote, nikijua atanifukuza. Yeye akavua koti. Tulilibomoa wawili, na kwa mbao hizo tukatengeneza benchi la kanisa. Bwana Meneja aliporudi, Fundi Mkuu alimwambia mwenyewe kwamba sisi hatuuzi majeneza ya akiba. Milango ya kambi ikaenda kwa fundi mwingine, na mwaka ule tulikula mlenda mpaka tukaukinai.

"Uchome basi ufito, mzee," nilimsihi.

"Ufito huchomwa baada ya mazishi," alisema. "Utunze mwenyewe."

Nimeutunza mpaka nimestaafu. Fundi Mkuu alishazikwa, na ufito wake niliuchoma mimi. Vijana wakiniuliza siri ya biashara nawajibu kwa maneno yake: usiuze kitu kitakachokufanya umwombee jirani yako mabaya. Nimeishi hivyo, na sijuti. Lakini liko jambo ambalo hata mke wangu sijamwambia. Uzee umenipinda. Suruali zangu zinafagia chini, na mlango niliokuwa nikiinama kuupita, sasa naupita nimesimama. Juzi niliutoa ufito, nikauegemeza ukutani, nikasimama nao kama siku ile, nikapitisha kiganja kutoka utosini hadi nchani.

Alama ya kisu bado ipo palepale. Hakuna aliyeupunguza. Na bado tuko sawa.