Mfalme Aliyenifukuza kwa Kihaya

Baba yangu, mwalimu mkuu mstaafu, alipewa nafasi ya mfalme kwa sababu hakuna aliyethubutu kumnyima. Mimi nikapewa nafasi ya binti anayemkatalia mfalme na kufukuzwa. Kikundi chetu cha maigizo cha kanisani pale Kashai, Bukoba, kilikuwa kimechagua tanzia ya kale ya nchi za mbali, eti michezo ya kuhimiza sadaka imetuchosha.

Nyumbani mambo yalikuwa hayo hayo, ila bila taji. Nilikuwa na digrii na nilitaka kwenda Muleba kushona nguo. Baba alikuwa ameshawatangazia watu kwamba nitasoma shahada ya pili. Kila nikigusia cherehani, alibadili mazungumzo, akauliza kama ndizi zimeshamenywa. Sisi Wahaya tunataniwa kwa kupenda usomi. Baba hakuwahi kuona utani wenyewe uko wapi.

Mwongozaji, kijana mpenda nadharia, alinitaka nijaribu tabia tofauti tofauti. "Leo uwe na kiburi, dada." Nikainua kidevu, nikatamka, "Sikubali, mfalme," na magoti yakakunjika yenyewe. Nimelelewa kumsalimu baba nikiwa nimepiga magoti, na magoti hayajui kama ni mazoezi. Tukajaribu ukaidi. Nikapiga magoti kwa ukaidi. Tukajaribu dharau, mpaka baba mwenyewe akaniambia, "Inuka, mama, unatuharibia."

"Basi jaribu upole," mwongozaji akasema, ameshakata tamaa.

Nikasimama wima. Nikamtazama baba machoni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikasema taratibu, "Sikubali, taata." Neno "mfalme" lilikuwa limenitoka kichwani, nikamwita baba kwa Kihaya kama nyumbani. Baba akanifukuza kwa Kihaya, kwa maneno ambayo hayakuwamo kwenye mchezo.

Mwongozaji akapiga makofi. "Hiyo ya Kihaya tuiache! Ina uhalisia!"

Kwa hiyo baba alinifukuza kila Jumamosi mazoezini, akishangiliwa. Nyumbani hakusema nami zaidi ya salamu. Niliumia sana. Nikapanga chumba Muleba, nikahamia na cherehani yangu, nikawa narudi Bukoba kwa basi kuja kufukuzwa.

Mchezo wenyewe tuliuonyesha Muleba huko huko, ukumbi umejaa. Nikasimama, nikasema kwamba sikubali. Baba akanyamaza mpaka wenzetu nyuma ya pazia wakaanza kumnong'oneza maneno yake. Alikuwa anayakumbuka vizuri tu.

"Genda, mwana wange," akasema. Nenda, mwanangu. Kisha akaongeza, kwa Kiswahili fasaha cha mwalimu mkuu: "Nenda ukashone."

Mwongozaji alishika kichwa. Bado tulikuwa na vifo vitatu vya kuonyesha, na hakuna hata mmoja wetu aliyebaki na sababu ya kufa.