Mstari Mmoja wa Watu wa Ng'ambo

Nakumbuka siku moja ya jua kali kule Makobola, kijiji chetu cha ufukweni, mwanangu, ndagala, dagaa wetu wa ziwani, zimeanikwa mchangani na mimi nimekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, kitabu kinene kikiwa mapajani. Nilikuwa kijana, shule yangu imeishia darasa la pili la sekondari, lakini pale ufukweni nilikuwa ndiye mwenye Kifaransa. Kitabu nilikiazima kwa aliyekuwa mwalimu wetu. Kiliandikwa na mtu wa chuo kikuu, kuhusu watu wa kaskazini ya ziwa: nani alitangulia, nani alifuata, wanaoaje, wanazikaje.

Wamama waliokuwa wakigeuza samaki walinizunguka. Kila mmoja alitaka nimtafutie watu wake.

"Weye, siye banasema nini juu yetu?" aliuliza Mama Feza, mwenye sauti ya kuita mitumbwi.

Nikamsomea kwamba kwao wanaume hula kwanza.

"Uongo! Nani alimwambia?"

"Uongo wapi?" mwenzake akadakia. "Bwana yako si anakula mbele, na anamaliza!"

Tulicheka mpaka ndagala zikasahauliwa. Ilikuwa raha, siwezi kukana. Kujikuta ndani ya kitabu ni kama kusikia jina lako likiitwa mji wa mbali.

Pembeni alikaa Ramazani, rafiki yangu, akishona wavu, uzi kaushika kwa meno. Babu yake alivuka ziwa kutoka upande wa Rumonge, nchi ya ng'ambo, akajenga ukuta kwa ukuta na sisi. Ramazani na mimi tulijifunza kuogelea siku moja, na karibu tuzame siku moja.

"Na siye?" aliuliza. "Siye iko wapi?"

Nilitafuta, nikilowanisha kidole. Mwishoni mwa sura nikapata mstari mmoja: kwamba wapo pia wahamiaji wachache kutoka ng'ambo, nao ni wavuvi. Nikausoma, nikageuza ukurasa.

"Wachache!" Mama Feza akapiga makofi. "Karibu, Bwana Wachache!"

Ufukwe mzima ukaangua kicheko. Ramazani naye alicheka. "Haina shida," alisema. "Kidogo si sawa na kukosa." Kisha akainamisha uso kwenye wavu wake.

Jina likamganda. Watoto waliliimba. Siku ya kugawana sehemu za kuegesha mitumbwi, mtu mmoja akasema wachache wangoje kwanza, na Ramazani akangoja. Asiyekuwapo na lake halipo, wazee husema. Lakini yeye alikuwapo, amesimama pale pale, na lake halikuwapo.

Habari zikamfikia nyanya yangu, tuliyemwita Koko, kama huku tunavyomwita babu au bibi yeyote. Aliniita akiwa anamenya mihogo, wala hakuacha kumenya.

"Huyo muntu aliandika kitabu, alipofika huku, moto aliomba kwa nani?"

"Sijui, Koko. Labda alikuwa na kiberiti chake."

"Basi yeye hana kosa. Hakujua. Weye je?"

Kisa chenyewe nilikijua tangu utoto. Asubuhi aliyozaliwa baba yangu, mvua ilikuwa imezima mafiga yetu yote na babu alikuwa ziwani. Aliyekuja ni nyanya wa Ramazani, Mama Zaina, na makaa ndani ya kigae. Alikifunika kigae kwa kitenge chake, yeye mwenyewe akalowa.

"Maji ya kwanza yalimwosha baba yako, yalipata moto wa batu ba ng'ambo," alisema Koko. "Na weye ukasoma mustari moja, ukafunga kinywa. Kitabu kilimaliza maneno yake. Yako ulimuwekea nani?"

Nilikusudia kurudi ufukweni niyaseme mbele ya watu wale wale. Ila aibu, mwanangu, hupenda kungoja siku nzuri. Nilipokuwa nikiingoja, Ramazani alipanda boti akavuka. Mama Zaina alibaki, akaendelea kutuomba chumvi na kutupa chumvi, hakunitamkia hata neno juu ya jambo lile. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Sitaki kumwonea mtu. Mwandishi yule alifanya kazi kubwa: majina ya samaki aliyapata sawasawa, na kuna milima ambayo sisi wenyewe tumesahau majina yake, yeye ameyatunza. Mama Feza alilia siku ile ya boti, akampa Ramazani samaki wa njiani. Tena huenda hakuondoka kwa sababu ya jina lile. Samaki walikuwa wamepungua, na kijana ana yake moyoni. Sikupata kumwuliza. Nilisikia tu kwa mfanyabiashara mmoja kwamba huko alikofika wanamwita Mkongomani.

Juzi mjukuu wangu Neema, anayesoma chuo hapa Uvira, alinionyesha kitabu kile kile ndani ya simu yake. Anaandika kazi yake ya mwisho kuhusu watu wa mwambao. Nikamwomba atafute ule mstari. Upo, mfupi vile vile. Alipotaka kusogeza mbele nikamshika mkono, nikamsimulia kisa cha makaa ya Mama Zaina.

"Koko, hii niiandike?" aliniuliza.

"Andika. Lakini kwanza uende ku kwao Ramazani, uulize bale walibaki. Miye naweza kosa."

Asubuhi baada ya mvua, milima ya ng'ambo huonekana karibu kabisa, hata ukafikiri ukiita mtu ataitika. Mimi huiangalia mpaka ukungu unapoifunika.

Basi mwanangu, vitabu vya historia yetu visome, hata pale vinapokuudhi, maana aliyeandika aliandika alichoonyeshwa. Ila ukikuta jirani yako amepewa mstari mmoja, na wewe unajua zaidi, usigeuze ukurasa. Sema siku hiyo hiyo, mbele ya wale waliocheka. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi aliyepona asione haya kutaja aliyemponya.

Mungu akujalie jirani wa kumwomba moto asubuhi ya mvua. Na yeye akibisha kwako, akukute makaa yako hayajazimika.