Ndoto ya Mwandishi

Kila akiulizwa kile kisa cha mama aliyefiwa na mwanawe alikitoa wapi, mwandishi husugua jalada la kitabu kwa kidole gumba, hukohoa kidogo, kisha hujibu kwa unyenyekevu: "Niliota tu, jamani." Watu humpigia makofi. Leo pia walipiga, naye akaketi kutia sahihi, kichwa chini, mkono ukienda kama cherehani.

"Niandike kwa nani?"

Mkono uliomsogezea kitabu ulikuwa na kovu la pasi alilolijua tangu utotoni.

"Kwa dada yako. Nilikusimulia huku nalia, mdogo wangu. Lakini niliwazika wawili. Mmoja umemsahau."

Akainamia ukurasa amwandike huyo wa pili. Jina lisimjie.