Kamande Iko Chini ya Sufuria

Nyinyi vijana mnaosoma haya, na hasa wewe mwanangu ambaye umeanza juzi kumpikia mtoto, keti kidogo. Shule sikukaa sana, kwa hivyo nitasema vile ninavyojua.

Nakumbuka mchana mmoja tukiishi mtaa wa Laini Saba, Nafula wangu akiwa ameacha kunyonya. Mama mkwe alikuwa ametoka Bungoma kuja kunisaidia. Nilikuwa nimechemsha kamande, zile punje ndogo bapa zinazoiva haraka kuliko maharagwe na hazimalizi makaa. Nikainamisha sufuria, nikamwagia mtoto supu juu ya ugali. Kamande yenyewe nikamwekea baba yake, maana angetoka kazi ya mjengo na njaa. Hivyo ndivyo mama mkwe alivyonifundisha: mtoto hana meno, mpe supu, nguvu yote iko kwa supu. Wengi wetu tulilelewa hivyo, na ukiuliza unaambiwa una kichwa ngumu.

Nafula alikuwa amejaa mashavu. Majirani wa ploti wakipita wanasema, "Huyu mtoto amenona!" Nami nafurahi. Lakini alikuwa hachezi, na nywele zimegeuka rangi ya kutu.

Jirani yetu Mama Otieno, aliyekuwa akiuza omena, wale samaki wadogo wa ziwani, alikuwa ameketi mlangoni pake akizichagua. Akaiona ile sahani.

"Mama Nafula, unampa mtoto nini?"

"Kamande."

"Kamande iko wapi? Hayo ni maji yake. Mpe mzee wako hayo maji, tuone kama kesho atabeba mawe."

Mama mkwe akawaka. "Wewe mama wa ziwa, umekuja kutufundisha kulea? Huoni mtoto amenona?"

Mama Otieno aliweka omena kando. Alinawa, akaushika mguu wa Nafula, akaufinya kwa kidole gumba, akaachilia. Shimo likabaki pale pale.

"Mama, hii si mafuta," akasema polepole. "Amevimba maji. Huyu mtoto ana njaa. Mbebeni twende."

Tulienda kliniki mbio, hata jiko sikulizima. Nesi alisema tungengoja kidogo tu tungempoteza. Nafula alilazwa, akatibiwa, Mungu akatuachia.

Halafu Mama Otieno akanifundisha kupika upya. Chagua kamande utoe mawe, osha mpaka maji yatoke safi, chemsha mpaka punje zipasuke. Kaanga kitunguu, nyanya na karoti, changanya. Ya mtoto iponde na supu yake, tone la mafuta, na majani ya sukuma yaliyokatwa nyembamba kabisa. Ukiwa na limau, kamulia. Chai isikaribie hiyo sahani, inaiba nguvu ya chakula, ngoja baadaye. Mama mkwe alinuna. Lakini siku moja nikamkuta anaponda mwenyewe huku anaonja. "Si mbaya," akaniambia, "ila huyo Mjaluo wako hajui chumvi."

Leo Nafula ana watoto wake hapa Kawangware, na mimi bado namshukuru yule mama kila nikiweka sufuria jikoni. Hakuogopa kuitwa mdomo mrefu.

Kwa hivyo sikia, mwanangu. Usimlishe mtoto rangi ya chakula ukadhani amekula. Usisifu mashavu kama hujaangalia miguu, na ukiona mguu umevimba, usingoje dawa ya jirani, nenda kliniki. Na jirani akikukemea kwa sababu ya mtoto, nyamaza kwanza umsikie. Mungu akupe makaa ya kutosha na mtoto mwenye kelele nyingi.

Siku tuliyomrudisha Nafula nyumbani, baba yake alikuwa ameshika sahani anangoja kupakuliwa, na mama mkwe yuko kando yake. Nikawaambia wote wawili:

"Kwa nyumba hii upawa utafika chini kabisa, na mtoto atapakuliwa kwanza."