Damu Iliyomrudia Kidoti

Walimwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi juu ya mdomo wake. Alikuwa fundi cherehani, na wateja walimpendea maneno yake kama walivyompendea mishono yake. Hedhi ilishakoma zamani, wajukuu wakimpanda mgongoni, alipoona damu tena.

Hakumwambia mtu. Alidhani ni uchafu, akawa anajiosha ndani kwa sabuni ya dawa mpaka ikamchoma. Mumewe, dereva mstaafu wa lori, alimwona anakaa upandeupande.

"Mama watoto, una nini?"

"Kiti kimezeeka."

"Kiti ni kilekile. Mficha uchi hazai."

"Nimeshazaa wanne, inatosha," alijibu, akacheka, kisha akaangua kilio.

Alimweleza yote, na mumewe akampeleka hospitali, ambako walikuta saratani ya mfuko wa uzazi, ikiwa bado changa. Kabla ya upasuaji, daktari, mwanamke wa umri wa binti yake, alimwomba ruhusa ya kuchukua sampuli kwa pamba. Walikuwa wanachunguza bakteria wanaoishi kwenye via vya uzazi.

Kidoti aliinamisha kichwa. "Kumbe kweli nilikuwa mchafu, hata baada ya kujiosha ndani kwa sabuni ya dawa."

Daktari alivuta kiti, akaketi karibu naye. "Hapana, mama. Sote tunaishi na bakteria, hata mimi, hata mzee wako hapo. Wengi wanatulinda. Ila kwa baadhi ya wanawake wenye saratani hii, mchanganyiko wa bakteria hao umeonekana tofauti. Huenda wanachangia ugonjwa, huenda ugonjwa ndio uliowabadilisha. Bado hatujui, ndiyo maana tunachunguza. Lakini sabuni ile uiache, inawafukuza walinzi wako."

Kidoti alivuta pumzi ndefu. "Basi chukueni. Mkiwakuta wachokozi, waambieni wamenikosesha usingizi."

Mfuko wa uzazi ukatolewa. Nyumbani, mumewe alimfulia nguo, akamwogesha, akajaribu hata kumsuka.

"Baba watoto, hii njia imepinda."

"Nimezoea barabara mbovu. Tulia."

Alitulia, akamwegemea magotini.

Majibu yalionyesha saratani haikuwa imesambaa. Ya utafiti bado, kila akienda kliniki huuliza, na daktari humjibu, "Subira, mama."

Karibuni mteja mmoja, bibi wa rika lake, alikuwa anapimwa gauni. Alimnong'oneza kwamba naye ameona damu, ila anaona haya. Kidoti aliweka futi mezani, akafunga duka, akamshika mkono. Walikwenda hospitali pamoja.